Muulize Fundi: Boksi langu linavuma noti moja tu, nimekosea wapi?

Wadau, mwezi huu maswali ya maboksi ya spika yamekuja mengi mpaka yale ya pasi na feni yamekaa pembeni, sijui ni kwa vile sikukuu zinakaribia au ni hizi spika tupu zilizojaa Kariakoo siku hizi, mtu ananunua spika bila boksi halafu anarudi nyumbani ndo anaanza kujiuliza. Nimechagua matano. La kwanza nitalijibu kwa kirefu kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

SWALI: Fundi mambo vipi. Niko Mbagala. Nilichukua spika mbili za inchi 12 nikampa seremala wa mtaani anitengenezee maboksi, vipimo tulivitoa kwa jirani yangu ana mziki mkubwa kweli, tukachukua vilevile hadi bomba la hewa tukakata urefu uleule. Sasa kwa jirani besi inapiga safi, kwangu inavuma noti moja tu buuuu, ukiweka taarabu buuu, ukiweka singeli buuu. Nikazitoa nikaziwasha mezani bila boksi, ndo kabisaa, hakuna besi hata tone. Nimeuziwa feki?
Mdau, Mbagala

JIBU: Poa mdau. Usiende kugombana na muuzaji kwanza. Hilo la mezani ni kawaida, hata spika ya bei mbaya ukiiweka mezani haina besi. Karatasi ya spika (lile koni la mbele linalotetemeka) ikienda mbele inasukuma hewa, na sekunde hiyohiyo mgongoni kwake inavuta, kwa hiyo mbele hewa imezidi nyuma imepungua, na hewa yenyewe inazunguka tu pembeni ya fremu inaenda kujaza palipopungua, basi besi imeshakufa kabla haijafika sikioni kwako. Sauti nyembamba haina shida hiyo, wimbi la hezi 5,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) ni kama sentimita 7 tu, lakini la hezi 50 linakaribia mita 7, sasa fremu ya inchi 12 itazuia nini hapo. Kazi ya kwanza ya boksi ni kutenganisha uso wa spika na mgongo wake, urembo na vitambaa vya mbele baadaye.

Sasa kuna njia mbili za kutenganisha. Moja unafunga kila kitu, hewa ya ndani haitoki, inakuwa kama springi inayorudisha karatasi. Edgar Villchur kule Marekani ndo aliifanya njia hii iwe maarufu mwaka 1954 na spika yake ya AR-1, boksi dogo la kuweka kwenye shelfu lakini besi inashuka chini kiasi kwamba watu walikuwa wanatafuta boksi jingine limefichwa wapi. Ya pili unaweka bomba, na hii ni ya zamani zaidi, Albert Thuras wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, alipata hataza yake mwaka 1932. Hili bomba watu wengi wanadhani ni la kutolea hewa spika isipasuke, nimesikia hata mafundi wanasema hivyo, sio kweli. Chukua chupa ya soda tupu pulizia mdomoni, si inatoa "huuu"? Weka maji nusu pulizia tena, sauti imepanda. Boksi lako ndo chupa na bomba ndo shingo ya chupa, lina noti yake moja linayoipenda, na kazi ya mbunifu ni kuiweka noti hiyo pale ambapo spika yenyewe inaanza kuchoka ili boksi liisaidie. Ukiiweka pasipo pake inalia juu ya kila wimbo. Hiyo ndo buuu yako.

Lakini utauliza mbona kwa jirani inakubali na boksi ni lilelile. Boksi ni lilelile ila spika sio ileile! Inchi 12 ni upana tu, ni kama kuniambia una kiatu namba 42, sijajua ni raba au buti. Muaustralia mmoja anaitwa Neville Thiele aliandika mwaka 1961 kwamba spika unaweza kuieleza kwa namba chache halafu boksi ukalikokotoa kabla hujagusa msumeno, mwenzake Richard Small pale chuo kikuu cha Sydney akaja kuzikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo karatasi ya maelezo ya spika inayojiheshimu inakuja na namba hizo. Wewe angalia tatu. Fs ni marudio ambayo spika inapenda kucheza ikiwa peke yake hewani, kwa inchi 12 nyingi ni kati ya hezi 25 na 50. Vas ni lita za hewa zenye ugumu sawa na ugumu wa ile ringi ya mpira na ile sahani ya njano ya nyuma. Qts inakuambia sumaku inaishika karatasi kwa nguvu kiasi gani, namba ndogo sumaku ina mkono, namba kubwa karatasi inajiachia. Ikiwa karibu na 0.4 au chini bomba linakubali vizuri. Ikifika 0.6 kwenda juu, na hizi spika za bei ya kutupa zenye sumaku nyembamba nyingi ziko huko, ukiiweka kwenye boksi la bomba itavuma tu utake usitake.

Kwa hiyo kabla ya yote fanya jaribio la bure, chukua taulo sokomeza kwenye bomba liwe limeziba vizuri halafu piga wimbo uleule. Kama buuu imepungua na besi imekuwa fupi kavu, spika yako inataka boksi la kufunga, toa bomba, ziba tundu kwa kipande cha ubao na gundi, umemaliza na hela haijatoka.

Kama karatasi ya namba huna, na najua huna, unaweza kupima mwenyewe, sio lazima uwe injinia. Ining'inize spika hewani mbali na ukuta, chukua ampu ndogo, pitisha waya mmoja kwenye resista ya omu 1,000 kabla haujafika kwenye spika, simu iwe inatoa mlio wa marudio (programu za bure zipo tele), multimita iweke upande wa volti za AC kwenye miguu ya spika. Anza hezi 20 panda taratibu, volti zitapanda halafu zitashuka, pale kileleni ndo Fs. Halafu ibane spika kwenye boksi lolote lililofungwa ambalo lita zake unazijua, rudia, kilele kitakuwa kimehama juu. Mfano Fs ni 38, kwenye boksi la lita 20 imekuwa 65, gawa 65 kwa 38, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe, toa moja, zidisha na lita 20. Unapata Vas ya lita 38 na ushee. Mimi mara ya kwanza kufanya hivi nilikuwa na spika niliyoitukana miaka mitatu kwamba haina besi, kumbe nilikuwa nimeibana kwenye kiboksi cha lita 15 kilichotengenezwa na mlango wa kabati bovu, ilikuwa inataka mara tatu ya hapo. Spika haikuwa na kosa lolote maskini.

Sasa tuchukulie yako imeonekana inafaa bomba, na boksi tunalitaka la lita 50 lipige hezi 40. Urefu wa bomba unapatikana hivi: kipenyo cha ndani cha bomba kwa sentimita kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha na 23,562, weka pembeni. Chukua hezi unazotaka zizidishe zenyewe kwa zenyewe, zidisha na lita, gawa ile ya kwanza kwa hii ya pili, halafu toa kipenyo mara 0.73. Kwa bomba la PVC la inchi 4, tuseme sentimita 10 ndani, inakuja sentimita 22. Ukitaka tamaa ushuke mpaka hezi 30 bomba hilohilo linakuwa sentimita 45, halitaingia kwenye boksi lako labda ulikunje, na ukikwepa kwa kuweka bomba la inchi 3 linarudi kama sentimita 24 lakini kwa spika ya inchi 12 hewa itapita kwa kasi hadi bomba linaanza kukoroma na kupiga mluzi wewe unadhani spika imechanika. Kwa hiyo 40 inatosha, mziki mwingi wetu besi yake iko juu ya hapo.

Vipimo vya ndani: upana sentimita 35, kina 35, urefu 45, hiyo ni lita 55, toa bomba kama lita mbili, toa mwili wa spika na miti ya kukazia, unabaki na 50 hivi. Kwa ubao wa milimita 18 mwambie seremala akate mbele na nyuma 38.6 kwa 48.6, pembeni mbili 35 kwa 48.6, juu na chini 35 kwa 35. Ubao mmoja mzima wa futi 8 kwa 4 unatoa maboksi mawili na kipande kinabaki cha kukazia. Aweke mti mmoja wa kuvuka katikati kutoka ubavu hadi ubavu, gonga ubao kwa kidole, ukilia kama ngoma bado. Mdomo wa ndani wa bomba usikaribie ukuta wa nyuma, acha angalau sentimita 10. Na bomba kata refu kidogo kuliko hesabu, kupunguza ni rahisi, kurefusha ndo shughuli.

Kitu kimoja mafundi wengi hawasemi: boksi la bomba chini ya noti yake halishiki karatasi tena. Hezi 20 ikiingia kwa nguvu kwenye boksi la hezi 40 karatasi inatapatapa kama bendera, koili (ule waya uliozungushwa unaocheza ndani ya sumaku) inagonga nyuma, kwisha habari. Ampu yako ikiwa na swichi ya kukata sauti za chini sana iwashe, uiache hivyo.

SWALI: Shikamoo fundi. Kijana wangu wa kidato cha tatu kachana godoro langu la akiba akatoa sponji akajaza kwenye boksi la spika, anasema ndo utaalamu na wewe uliandika. Ni kweli au ananichezea akili?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Utaalamu upo, kuhusu godoro mimi sikuandika! Ndani ya boksi sauti inagonga ukuta mmoja inarudi ukuta mwingine, halafu inatokea tena mbele kupitia karatasi imechelewa, ndo pale mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Sponji au pamba inapunguza hilo. Kwenye boksi la kufunga kabisa ukijaza kiasi (bila kushindilia) spika inaliona boksi kubwa kuliko lilivyo, kama asilimia 10 mpaka 20 hivi, unapata besi ya chini zaidi kidogo. Kwenye boksi la bomba asijaze, avalishe kuta tu kwa unene wa sentimita mbili tatu na mdomo wa bomba uachwe wazi kabisa. Pamba za mito zile nyepesi za viwandani ndo nzuri zaidi, sufi pia inafanya kazi ila inadondosha vumbi lake kwenye koili na panya wanaipenda mno. Kijana ana akili mama, lakini godoro alirudishe.

SWALI: Fundi, babu yangu kule Singida alikuwa anaweka spika ya redio kwenye mdomo wa mtungi mkubwa wa maji, redio inasikika kijiji kizima. Ni kitu cha kweli au utoto wetu ndo ulikuwa unasikia vikubwa?
Mdau, Dodoma

JIBU: Ni kweli tupu, na babu alikuwa mbele kuliko wengi wanaouza maboksi leo. Udongo uliochomwa ni mgumu mno hautetemeki ovyo kama ubao mwembamba. Wewe uko Dodoma, umeshaona zeze, kile kibuyu chini ya nyuzi kazi yake ni jamaa moja na hiyo, uwazi wa hewa unaipa sauti ndogo mwili. Ila spika ya redio ilisikika kijiji kizima kwa sababu kijiji kilikuwa kimya, leo weka pembeni ya mashine ya kusaga uone. Ukitaka kujaribu, mtungi upime kwanza kwa maji, ujaze halafu hesabu lita unapomimina, ukauke siku kadhaa juani, spika ya inchi 5 au 6 ikae mdomoni juu ya ubao wa duara uliopakwa silikoni pembeni. Waya utoe kwenye ubao, sio kutoboa udongo. Nimepasua miwili kwa kujifanya najua kutoboa.

SWALI: Niaje fundi, spika imeandikwa 3000W, ampu yangu 100W. Je ampu haitaungua? Halafu twita zangu zinakufa kila baada ya miezi miwili.
Dogo wa Mwanza

JIBU: Hiyo 3000 ni ya kwenye stika, dogo, ni namba ya kunyanyulia macho sokoni. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati za kweli inazoweza kubeba muda wote, kama hapapo basi angalia upana wa koili na uzito wa sumaku utajua unadanganywa. Na wati zenyewe haziendi kama unavyofikiria, kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 tu, sikio linasema "kidogo", ili sauti ionekane mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya wati. Boksi lililokaa vizuri linakupa zaidi ya hapo bila luku kulia.

Kinachoua ampu ni omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme, ukiwa mdogo mno. Spika mbili za omu 4 ukizifunga sambamba zinakuwa omu 2, kama ampu imeandikwa mwisho 4 inachemka inazima au inalipuka. Mbili za omu 8 sambamba ni 4, hapo salama. Na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, wewe unaivuta hiyo ampu ya 100 mpaka mwisho, sauti inakatwa kichwa inakuwa ya mraba, na ukali wote unaozaliwa hapo unaenda kwenye twita. Punguza. Halafu hakikisha kuna kapasita kwenye waya wake, ile isiyo na chanya na hasi, kwa twita ya omu 8 ya mikrofaradi 4.7 inazuia kuanzia kama hezi 4,200 kushuka chini, ya 3.3 inazuia kuanzia 6,000 hivi. Kwa twita ndogo na mtu asiyepunguza sauti kama wewe weka 3.3.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mimi niko Likoni, naendesha tuktuk, nataka boksi la spika moja ya inchi 8 chini ya kiti cha abiria. MDF ama plywood? Huku kuna unyevu wa bahari, na barabara ni mashimo matupu. Karatasi yake inasema Vas lita 20, Qts 0.45.
Dereva, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na ahsante kwa kuja na namba, umenirahisishia. Chini ya kiti hakuna nafasi ya bomba la maana, funga kabisa. Unataka Qts yako ikishaingia boksini iwe kama 0.7, hapo besi inashuka bila kuvuma. Gawa 0.7 kwa 0.45, jibu lizidishe lenyewe, toa moja, halafu Vas igawe kwa hiyo, inakuja lita 14. Ukikosa nafasi ukaweka 10 mambo yataharibika kidogo tu, itagonga zaidi juu na kupungua chini, na kwenye kelele za injini pengine ndo utaipenda zaidi.

Ubao, kwa bahari ile MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) sikushauri, ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai na skrubu hazishiki tena. Chukua plywood ya marine, ile ya kuhimili maji, ya milimita 18, ndani nje paka rangi au vanishi mikono miwili, na kingo zilizokatwa ndo uzipake zaidi kwa sababu huko ndiko maji yanaingilia. Gundi ya mbao kila kiungo halafu skrubu, misumari mitupu kwenye mashimo ya huko itafunguka kabla ya mwezi. Spika usiifunge kwa skrubu za mbao, tumia bolti na nati za kuzama, na chini ya fremu weka mkanda wa sponji.

Ukishapaka silikoni kwenye viungo vya ndani usiwe na haraka ya kufunga spika. Ile inayonuka siki mvuke wake unakula chuma na shaba, liache boksi wazi siku nzima mpaka harufu iishe. Kisha funga, cheza mlio wa hezi 30 kwa sauti ya wastani, washa kijiti cha udi mpitishie taratibu kila kiungo, pembe, sehemu ya waya, kuzunguka fremu. Boksi la kufunga likivuja unasikia kama linahema, na moshi utakuonyesha wapi, ukiona unatikisika mahali weka alama kwa chaki. Kwa uzoefu wangu mara nyingi ni pale waya unapopita.